Hesabu ya Banda la Uani

Muulize mwenye nyumba wa Kinyerezi, Goba au Chamazi anapata kiasi gani kwa mwaka, na karibu kila mara atazidisha pango la mwezi kwa kumi na mbili kisha akutajie jibu. Vyumba vinne, laki na nusu kila kimoja, basi milioni saba na laki mbili. Anaitaja bila kusita, na kwa tarakimu hiyo hiyo anapanga ada za watoto, anachukua mkopo wa vikoba na kuahidi michango ya harusi. Lakini hakuna banda la kupangisha linaloleta miezi kumi na miwili kamili mwaka hata mwaka bila kudai kitu. Katika miaka yangu ya kukaa na wenye nyumba wadogo na kupitia madaftari yao, pale ambapo madaftari yapo, nimeona kwamba wapangaji wakorofi si tatizo lao la kwanza. Tatizo la kwanza ni kutojua chumba kinawaingizia nini hasa. Asiyejua hilo hupandisha pango pale ambapo angeliacha, humtoa mpangaji ambaye angembembeleza abaki, na huacha chumba wazi miezi miwili akimsubiri mtu wa kulipa miezi sita.

Tufanye hesabu moja pamoja. Tarakimu ni za mfano, weka zako mahali pa zangu. Banda la uani lina makazi manne, kila moja ni chumba masta na sebule ndogo, pango ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Ujenzi umekula milioni 60 bila kuhesabu kiwanja. Kwa maneno ya mdomoni, mwaka unaleta 7,200,000.

Sasa tuanze kutoa. Katika makazi manne, si ajabu mawili yakabadilisha watu ndani ya mwaka mmoja. Huyu kahamishwa kikazi, yule kaoa na anahitaji nafasi zaidi. Tangu mmoja atoe kitanda chake mpaka mwingine aingize chake, wiki sita hupita kwa urahisi: kusafisha, kupaka rangi, kuonyesha watu, kusubiri mtu akusanye pesa. Miezi mitatu ya pango, kwa makazi mawili, imekwenda, yaani 450,000. Rangi na marekebisho kila anapotoka mtu, tuseme 150,000, mara mbili ni 300,000. Gari la kunyonya majitaka mara mbili kwa mwaka, 200,000. Matengenezo ya kawaida, kwa maana ya bomba, vitasa, soketi, bati linalovuja, pampu, weka 600,000, na mwaka ambao hazikutumika zihifadhi kwa sababu mwaka unaofuata zitatakiwa mara mbili. Kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye pango ulilopokea kweli, 675,000. Kodi ya jengo, 18,000. Jumla ya yote hayo ni 2,243,000. Kinachobaki ni 4,957,000.

Kwa mtaji wa milioni 60, hiyo ni asilimia 8 na kidogo kwa mwaka. Ni pesa halali na nzuri, lakini si asilimia 12 ambayo mdomo ulikuwa umeitaja. Ukigawa kwa makazi manne na kwa miezi kumi na miwili, kila moja linakuachia kama laki moja na elfu tatu kwa mwezi, na si laki na nusu. Hiyo laki moja ndiyo uiandike ukutani. Kila uamuzi kuhusu chumba, iwe kupandisha pango, kukopa au kuongeza kingine, uanzie hapo.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaiandiki kwa sababu ya heshima, nayo ni ndugu anayekaa bure. Shangazi yuko kwenye chumba cha mwisho, au mdogo wako aliyekuja kutafuta kazi. Simshauri mtu yeyote amtoe shangazi yake. Ninachosema ni kwamba chumba hicho ni 1,800,000 kwa mwaka, nayo iandikwe kwenye daftari kama msaada kwa ndugu. Ikiandikwa, utaacha kujilaumu kwamba banda halilipi, na wana ukoo wengine watajua umechangia nini siku ya kikao.

Hapa kuna anayeniambia, “Sawa, lakini ardhi inapanda.” Inapanda kweli, na kwa maeneo mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam imepanda sana. Sensa ya mwaka 2022 ililihesabia jiji hili watu 5,383,728, na watu wote hao wanatafuta pa kulala. Ila kiwanja kingepanda thamani hata kama kingebaki na nyasi na miembe miwili. Faida ya ardhi ni ya ardhi. Vyumba hupoteza thamani kila mwaka, kwa maana kenchi zinaliwa na mchwa, rangi inachujuka na mabomba yanazeeka. Kwa hiyo vipime vyumba kwa pesa vinazoleta, na kiwanja kwa bei yake, kila kimoja kwenye ukurasa wake. Ukivichanganya, kiwanja kizuri kitaficha banda bovu kwa miaka mingi.

Na ulinganishe na mahali pengine ambako pesa ingeweza kukaa. Serikali ilipotoa kwa mara ya kwanza hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba ya muda huo huo ilishushwa hadi 12.56. Anayeshika hatifungani hapigiwi simu saa nne usiku kwamba choo kimeziba. Nyumba nayo ina upande wake: pango linaweza kupanda pamoja na bei za vitu, wakati riba ya hatifungani ile ile haibadiliki mpaka mwisho. Sisemi uache kujenga. Nasema kama banda lako linaleta asilimia 8 baada ya kuondoa kila kitu, basi ujue umechagua nyumba kwa sababu nyingine pia, kama vile usalama, urithi na heshima ya kuwa na kwako, na sababu hizo ziwe umezichagua kwa macho wazi.

Sasa tuje kwenye desturi inayowapotosha wenye nyumba wa mijini Tanzania kuliko nyingine zote, pango la miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji anakuja na 900,000 siku ya kwanza. Siku hiyo mwenye nyumba anajiona tajiri. Wiki ya pili amelipa ada, amenunua sofa, amemaliza deni la duka. Mwezi wa nne pampu ya maji inaungua, na mfuko ni mtupu. Mpangaji anabeba ndoo akinung’unika kwamba alishalipa, naye anasema kweli. Siku ile ulipopokea 900,000, iliyokuwa yako ni laki na nusu tu ya mwezi wa kwanza. Ile 750,000 iliyobaki ilikuwa bado ya mpangaji, umeishika kama dhamana ya kumpa makazi kwa miezi mitano ijayo.

Dawa yake ni nidhamu ndogo. Fungua akaunti ya pili, au nunua vipande kwenye mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ambao pesa yake hutoka ndani ya siku chache. Pesa yote ya mkupuo iingie huko, nawe ujilipe mwezi kwa mwezi. Na ukiwa na makazi manne, panga mikataba ianze miezi tofauti: mmoja Januari, mwingine Machi, mwingine Mei. Wapangaji wote wakilipa Januari na Julai, utaishi kwa karamu mbili na njaa mbili kila mwaka.

Lakini nataka twende mbali zaidi, tuulize kama mkupuo huo una faida yoyote. Wenye nyumba wanaupenda kwa sababu hawana namna ya kumjua mpangaji, na kwa sababu kesi ikifika kwenye baraza la ardhi huchukua muda. Mkupuo ndiyo dhamana yao. Sababu ni ya msingi, siidharau. Ila angalia dhamana yenyewe inakinga nini. Inakinga miezi sita ya kwanza, wakati ambapo karibu kila mpangaji bado ni mwema. Matatizo huanza mwezi wa saba.

Tena mkupuo haupimi kipato cha mtu, unapima uwezo wake wa kukusanya pesa nyingi kwa siku moja. Laki tisa zako na laki na nusu ya dalali ni 1,050,000. Mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi mwenye mshahara wa uhakika kila mwezi hana kiasi hicho mkononi. Anayekuja nacho wakati mwingine amekichukua kwenye mikopo ya kausha damu. Amekuingilia nyumbani akiwa tayari anadaiwa, na awamu ya pili ya pango inapofika bado anamlipa yule mkopeshaji riba. Umemkataa mwenye mshahara ukampokea mwenye deni, na umefanya hivyo kwa jina la usalama.

Nairobi desturi ni nyingine. Mpangaji wa kawaida hulipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha analipa kila mwezi, mara nyingi kwa simu, kabla ya tarehe tano. Mfumo huo nao una kero zake. Mwenye nyumba anakimbizana na malipo mara kumi na mbili badala ya mara mbili. Ila anajua mapema nani ameanza kuyumba, ilhali mwenzake wa Dar hujua baada ya miezi sita. Ushauri wangu kwa nyumba ndogo ni njia ya katikati: miezi mitatu mbele na amana ya mwezi mmoja. Kwa pango la 150,000 hiyo ni 600,000. Watu wanaoweza kutoa laki sita ni wengi mno kuliko wanaoweza kutoa laki tisa, na wewe ukiwa na watu wengi wa kuchagua, ndipo unapoweza kumchagua mtu. Amana iandikwe kwenye mkataba, isiguswe, na irudishwe kwa maelezo ya maandishi: kitasa kimoja elfu kumi na tano, kilichobaki hiki hapa. Mwenye nyumba anayerudisha amana bila kuzungushana, habari zake husambaa mtaani haraka, na wapangaji wazuri wanamtafuta wenyewe.

Chumba kikikaa wazi mwezi mmoja zaidi kwa sababu unangoja mtu wa miezi sita, umepoteza 150,000. Ungempunguzia pango mtu wa miezi mitatu kwa shilingi 10,000, ungepoteza 120,000 kwa mwaka mzima. Mwezi mmoja wa chumba kitupu umezidi punguzo la mwaka. Hesabu hii nimeionyesha kwa wengi na bado wapo wanaoona kupunguza elfu kumi ni aibu, ila chumba kitupu ni bahati mbaya tu. Vyote viwili ni pesa yako.

Kwa mantiki hiyo hiyo, chunguza maslahi ya dalali. Simchukii dalali, anafanya kazi, na mtaa mpya bila yeye ungekaa na vyumba vitupu. Ila malipo yake ni pango la mwezi mmoja kila mtu anapoingia. Kwake, mpangaji anayekaa miaka sita ni hasara, na mpangaji anayehama kila mwaka ni shamba. Ndiyo maana hupita getini na kukunong’oneza, “Mama, vyumba kama hivi siku hizi vinakwenda laki na sabini. Huyo wako anakula bure.” Sikiliza, mshukuru, kisha rudi kwenye daftari.

Daftari litakwambia hivi. Ukipandisha kutoka 150,000 hadi 170,000 na mpangaji akakubali, umepata 240,000 kwa mwaka. Akikataa na kuhama, utapoteza mwezi mmoja na nusu wa chumba kitupu, 225,000, na rangi na marekebisho 150,000. Jumla 375,000. Kwa nyongeza ya elfu ishirini kwa mwezi, itakuchukua karibu miezi kumi na tisa kurudi pale ulipokuwa, na hapo tumechukulia kwamba aliyeingia ni mwema kama aliyetoka. Kwa hiyo mpangaji anayelipa kwa wakati, asiyegombana na majirani, anayekupigia simu bomba likianza kudondosha, mwongeze kidogo na mara chache: elfu tano au elfu kumi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ukimwambia miezi mitatu kabla, kwa maandishi na kwa sauti ya mtu na jirani yake. Bei ya soko mwekee anayeingia. Na ukihitaji mtu mpya, anza kwa kuwauliza wapangaji wako. Aliyekuletea mwenzake mpe elfu thelathini ya asante. Mtu hamleti mgomvi aishi naye ukuta kwa ukuta.

Matengenezo yanastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo pesa ndogo huokoa pesa kubwa. Chukua tangi la choo cha kukaa. Boya lake limechoka, maji hayakatiki, yanachuruzika usiku kucha kuingia kwenye bakuli. Mpangaji anasema, “Mama, choo kinapiga kelele,” nawe unajibu utakuja wikiendi. Wikiendi inakuwa mwezi. Bili ya maji inapanda, na kwa kuwa mita ni moja, wapangaji wanne wanaanza kutuhumiana nani anafua sana. Shimo linajaa kabla ya wakati wake na gari la majitaka linakuja mara tatu badala ya mbili. Muunganisho wa nyuma nao unavuja taratibu, plasta inavimba upande wa pili, kwenye sebule ya jirani, rangi inatoka mapande mapande. Jirani huyo ndiye anayehama. Boya jipya na fundi bomba wa mtaani vingemaliza kazi kwa saa moja, kwa pesa ambayo haifiki robo ya rangi ya chumba kimoja.

Ningependa kila mwenye nyumba wa pwani awe na mizunguko miwili ya ukaguzi. Wa kwanza mwezi Februari, kabla ya masika: panda juu uangalie misumari ya bati, safisha mifereji, nyonya shimo la choo kabla mvua haijaanza, kwa sababu ardhi ikishalowa shimo halinywi tena na magari ya majitaka yanatafutwa na mtaa mzima. Wa pili mwezi Septemba, kabla ya vuli: angalia mchwa kwenye kenchi na fremu za milango, angalia nyaya. Toa taarifa kabla ya kuingia chumbani kwa mtu. Amekulipa, hapo ni kwake.

Siku mpangaji anapoingia, zungukeni pamoja na simu mkononi mkipiga picha za kila ukuta, kila swichi, vigae, dari na sinki. Mtumie nakala siku hiyo hiyo. Siku ya kutoka, hakuna atakayebishana kuhusu ufa ambao upo kwenye picha. Hii haigharimu kitu, na huzuia nusu ya ugomvi wa amana.

Mkataba je? Tanzania Bara, Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya pango ni makubaliano ya pande mbili. Hilo linampa mwenye nyumba uhuru, na pia linafanya karatasi mliyotia saini kuwa nguzo kuu mtakayoegemea mkikosana. Iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: majina na namba za NIDA, tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi cha pango na amana, nani analipia umeme, maji, taka na shimo la choo, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na nini kitatokea pango likichelewa. Ishuhudiwe na mtendaji wa mtaa kama ilivyo desturi. Kisha kuna jambo ambalo wengi huliruka: ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, unaotakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kwa chumba chetu cha mfano ni shilingi 18,000. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi siku ile ambayo unauhitaji kuliko siku zote.

Mpangaji akishindwa kulipa, usikate umeme, using’oe mlango, usiezue bati. Mbali na ubaya wake kwa binadamu mwenzako na watoto wake, kitendo hicho kinakugeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa. Njia ni notisi ya maandishi, kisha Baraza la Ardhi la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna muda, nauli na pengine wakili, na chumba kinaendelea kukaliwa bila malipo.

Kwa sababu hiyo nina ushauri ambao wengine huuona mchungu. Mtu anadaiwa miezi mitatu, 450,000, na unaona wazi hana, pengine amepoteza kazi. Kaa naye, mpe karatasi: nimekusamehe nusu ya deni, au lote, kwa sharti uwe umetoka kwa amani mwisho wa mwezi na umeacha chumba kikiwa kizima. Kila mwezi unaoshindana naye ni 150,000 nyingine isiyokuja. Niliowaona wakifanya hivyo mapema walikuwa na mpangaji mpya wakati wenzao bado wanahesabu tarehe za baraza. Na yule mtu akipata tena kazi, si ajabu akarudi kulipa, kwa kuwa hakudhalilishwa.

Upande wa serikali, mambo matatu tu. Kodi ya zuio kwenye pango kwa mwenye nyumba mkazi ni asilimia 10. Mpangaji anayefanya biashara kwenye jengo lako, kama aliyekodi fremu, anatakiwa akukate na kuiwasilisha TRA, na wewe udai hati yake. Jirani zetu wa Kenya wenye pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za nchi yao kwa mwaka walishushiwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Pili, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya Tanzania, kwa hiyo wale wa Masaki na Mikocheni waliozoea dola waandike shilingi kwenye mikataba yao.

La tatu linagusa kila banda, nalo ni LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Kumpa kila mpangaji mita yake ni jambo jema, linaondoa ugomvi wa umeme kabisa. Ila mita nne zisiposhughulikiwa zinaweza kukatwa mara nne, 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000, kwa jengo moja. Nenda ofisi ya TRA na namba zako zote za mita uombe zihesabiwe kuwa jengo moja. Mita itakayobaki ikikatwa, mrudishie mpangaji wake kwenye pango. Kodi hiyo ni yako wewe mwenye jengo. Shilingi 1,500 kwa mwezi ni ndogo, lakini mpangaji anayeona unamrudishia bila kuombwa anajua anaishi kwa mtu wa haki.

Kabla ya kuweka tofali la kwanza, nenda manispaa uulize kuhusu hifadhi ya barabara na ramani ya mipango miji. Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi, na humo mlikuwa na vyumba vya kupangisha vilivyokuwa vikisomesha watoto. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa mabondeni hadi Mabwepande. Pango la bondeni ni tamu wakati wa kiangazi.

Na ujenzi wenyewe. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa benki. Tunajenga kwa mshahara, mavuno, kiinua mgongo, tofali kwa tofali. Ndiyo maana miji yetu imejaa maboma. Mtu ana milioni 30, anainua kuta za makazi yote manne mpaka kwenye lenta, pesa inaisha, na boma linakaa miaka minne bila bati, mvua inalamba matofali, majani yanaota sebuleni. Milioni 30 yake imelala miaka minne bila kuzaa hata shilingi. Angemaliza makazi mawili tu, akayapaua, akaweka milango na umeme, kila moja lingemwachia ile laki moja yetu kwa mwezi. Kwa miezi 48 na makazi mawili, hiyo ni milioni tisa na laki sita, karibu theluthi moja ya pesa inayotakiwa kwa mawili yaliyobaki, imetoka humo humo ndani.

Kwa hiyo chora ramani ya manne, paua mawili. Msingi uchimbwe wote kama ardhi inaruhusu, na nondo ziachwe zikisubiri kuungwa. Kitu kingine kijengwe kwa ukubwa wa makazi manne tangu siku ya kwanza, nacho ni shimo la majitaka, kwa sababu kuchimba la pili uani wakati wapangaji wameshaingia, huku gari la mchanga halipiti getini, kunagharimu kuliko kulipanua sasa.